Babu Nyundo Apanda Boti Kama Mteja

Siku babu yangu alipogeuka mteja, ukungu ulikuwa umeshuka kwenye bandari yetu ya Westport, Marekani, kiasi kwamba ukinyoosha mkono huoni vidole vyako mwenyewe. Yaani gati lote lilikuwa limemezwa. Taa za boti zinaelea tu hewani kama mtu kazisahau huko juu, na sauti za watu zinafika kabla ya watu wenyewe. Ilikuwa alfajiri ya Juni, baridi ya kubana masikio. Mama kashika chupa ya kahawa, mimi nimeshika mfuko wa malasada, yale maandazi ya kwetu yanayogaragazwa kwenye sukari yakiwa bado ya moto, na Babu kasimama katikati yetu ananung'unika kama redio isiyoshika stesheni.

"Naenda mara moja tu," akasema. "Nikirudi nimeaibika, bahari msinitajie tena. Wala samaki. Wala chumvi."

"Na chumvi ya supu je, Baba?" Mama akamuuliza.

"Hata hiyo."

Tuelewane kwanza babu yangu ni nani. Jina lake ni Belmiro Arruda, ila ukiuliza hilo bandarini watakukodolea macho tu. Uliza Kapteni Nyundo, hapo hata paka watakuonyesha njia. Alitoka visiwa vya Azori vya Ureno akiwa mtoto, kashikwa mkono na shangazi yake, Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Akakulia kwenye meli za New Bedford mpaka akachoka kulala na viatu. Ndipo akanunua boti yake mwenyewe, akaiita Filomena, jina la bibi yangu, na tangu hapo kazi yake ikawa moja: kupeleka watu baharini nusu siku kutafuta samaki milia. Asubuhi kundi hili, mchana kundi lile. Madaktari, mafundi bomba, maharusi wapya, mapadri. Wote kawashika mabega, wote kawapigia kelele, na wote walirudi mwaka uliofuata kupigiwa kelele tena.

Kama hujawahi kumwona samaki milia, mfikirie samaki mnene wa rangi ya fedha, mrefu kama mtoto wa chekechea, mistari myeusi imempitia ubavuni kutoka shavuni hadi mkiani. Kama vile katoroka kitandani na pajama zake. Ni mzuri bwana, acha tu.

Sasa, mwaka jana macho ya Babu yakaanza kuona ukungu hata siku ya jua kali. Daktari akasema usukani basi. Babu hakubisha, na hapo ndipo tulipoogopa, maana Babu anabisha hata na taa za barabarani. Akaiuza Filomena kwa watu wa Maine. Siku walipokuja kuichukua alijifungia bafuni, akafungua mabomba yote ili asisikie injini ikiondoka. Na tangu siku hiyo hakushuka tena bandarini. Anakaa jikoni na ile redio ya upepo juu ya friji, anasikiliza makapteni wanavyoongea huko baharini, anagombana nao. "Muongo huyu! Hapo hakuna samaki, hapo pana mawe tu!" Wao hata hawamsikii. Mama akasema Baba anakauka kama samaki wa chumvi, na ndiyo maana akanunua nafasi mbili, ya Babu na yangu, kwenye boti ya Odília.

Odília Raposo ndiye aliyekuwa msaidizi wa Babu tangu hajamaliza shule. Siku hizi ni kapteni, ana boti yake, ana mabega ya mtu anayebeba injini. Lakini akimwona Babu bado anajikuta anaficha kutafuna bigijii.

Basi tukapita kwenye kibanda cha Tibério, yule anayeuza mikunga hai, wale samaki kama nyoka tunaowafanya chambo, na Tibério akachomoza kichwa kwenye ukungu kama kasa.

"Ee Bikira Maria! Nyundo! Umekuja kununua au umekuja kubebwa?"

"Nimekuja kuona kama bado unawapunja watu."

"Nawapunja vizuri tu, Mungu anasaidia. Na wewe ukirudi mikono mitupu njoo, nitakuuzia mmoja ukapige naye picha."

Babu akacheka kwa pua. Lakini niliona shingo yake imekuwa nyekundu.

Kwenye boti tukamkuta mteja mwingine keshakaa. Bi Wanda, dereva mstaafu wa basi la shule kutoka Worcester, mama wa miaka sabini hivi, kavaa koti la mvua la njano jipya kabisa, lebo bado inaning'inia kwapani. Hajawahi kuvua hata mara moja. Watoto wake ndio waliomlipia.

"Na mimi binti yangu," Babu akasema, kama anakiri kosa polisi.

Halafu, bila hata kufikiri, akapita moja kwa moja hadi kwenye usukani na kuweka mkono juu yake.

Odília akaacha kufungua kamba. 

"Kapteni," Odília akasema taratibu, "wateja wanakaa nyuma."

Babu akautazama mkono wake kama si wake. Akauondoa. Akaenda kukaa nyuma karibu na Bi Wanda, magoti pamoja, kama mtoto kwenye benchi la hospitali. Odília akaanza yale maelezo ya lazima: majaketi ya kuokolea yako hapa, kizima moto kiko pale, mtu akianguka piga kelele umnyooshee kidole usimwondolee macho. Nikamwona Babu midomo inacheza, anayasema yote kimoyomoyo, neno kwa neno, maana ni yeye aliyemfundisha. Odília akauliza kama kuna mwenye swali. Babu akanyoosha mkono.

"Choo kiko wapi?"

"Kapteni, choo unakijua!"

"Mteja haulizi?"

Bi Wanda akaangua kicheko. "Huyu mzee nampenda," akaniambia.

Tukatoka. Mdomo wa mto ulipita pembeni yetu kama mtu anayepita usingizini, jiwe moja kubwa jeusi likaonekana, likafutika. Mtandao ukakata kwenye simu yangu, baa moja, hakuna, basi. Baada ya hapo palibaki kijivu tupu. Kijivu juu, kijivu chini, katikati sisi tunateleza na injini inanguruma kwa sauti ya chini. Odília anaangalia rada, anapiga honi, ananyamaza kusikiliza. Shakwe mmoja, ndege wa baharini, alitokea kwenye ukungu, akatembea, narudia, akatembea juu ya ukingo wa boti hatua kadhaa, akatuangalia, akarudi kwenye ukungu wake kana kwamba kakosea nyumba.

Jambo la ajabu ni kwamba Babu alianza kulegea. Mabega yalishuka. Mwanzoni sikuelewa, halafu nikaelewa: hapo hakuna aliyekuwa anaona. Sote tulikuwa na macho ya Babu. Akageuza shingo huku na huku, akinusa, akisikiliza, na tulipofika karibu na kisiwa cha Cuttyhunk, ile kengele ya boya ikalia mbali, ngoo, ngoo, kama ng'ombe kapotea mbinguni.

"Sikia," Babu akaninong'oneza. "Nguruwe Jike anakoroma."

Nguruwe Jike na Watoto ndilo jina la ile miamba. Haionekani vizuri hata siku ya jua, ila maji yakipita juu yake yanapanda na kukunjamana na kutoa sauti ya mlafi anayekula supu. Samaki milia wanakaa nyuma ya mawe, vichwa vimeelekea mkondoni, wanasubiri chakula kiletwe. Wavivu kama kaka zangu.

"Nani kaleta tikiti?" Bi Wanda akauliza ghafla. "Nasikia harufu ya tikiti maji."

Babu na Odília wakaangaliana. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Babu akatabasamu kwa meno yote, yake na ya bandia.

"Hilo si tikiti, mama. Hao ni samaki wanakula. Mafuta yao yanapanda juu yananukia hivyo."

Odília akapunguza injini, akatoa mikunga kwenye sanduku la barafu. Baridi inawatuliza, bila hivyo mkunga anakufunga mshipi fundo ambalo hata baharia halijui. Akawachoma kwenye ndoano akiwashika na kitambaa, akampa Bi Wanda fimbo ya kuvulia, akampa Babu fimbo.

Hapa inabidi niseme kitu kimoja, la sivyo hutaelewa kilichofuata. Kwetu anayeongoza wavuvi havui. Fimbo ni ya mteja, samaki ni wa mteja, hata bahati ni ya mteja. Babu alikuwa anapachika chambo, anaelekeza, anapiga kelele, anashika wavu, basi. Yeye mwenyewe kuvua juu ya boti, kwa raha zake, hakuwa amevua tangu Mama hajaolewa. Na zamani hizo, ndoano ilikuwa ya kawaida, na samaki akimeza ulikuwa unapaswa kuvuta fimbo kwa ghafla, kwa mabega yote, ili imkite. Hapo ndipo jina la Nyundo lilipotoka. Wanasema alikuwa akivuta, boti inayumba.

Lakini sheria ilibadilika. Siku hizi ukitumia chambo, ndoano lazima iwe ya mviringo, imejikunja kama ukucha wa paka, ili samaki asiimeze mpaka tumboni akafa bure. Na hii ukiivuta kwa ghafla inatoka mdomoni safi kama kijiko. Unatakiwa usifanye kitu. Samaki anachukua, anaondoka zake, mshipi unakaza, ndoano inateleza yenyewe na kushika pembeni ya mdomo. Babu aliwafundisha wateja hivyo misimu na misimu. Kelele zake zilikuwa zinasikika hadi kisiwani: Usivuteee! Ila mikono yake mwenyewe hakuna aliyewahi kuifundisha.

Odília akazima injini. Tukaachia mkondo utubebe juu ya miamba, polepole, kimya.

Bi Wanda ndiye aliyeanza. "Kuna mtu ananivuta," akasema, kwa sauti ya mtu anayepokea simu.

"Usifanye kitu," Odília akamwambia. "Elekeza fimbo kwake. Mwache. Mwache. Sasa zungusha taratibu."

Fimbo ikapinda, gurudumu la mshipi likalia, Bi Wanda akapiga yowe la furaha, na haikupita muda kukawa na samaki milia kwenye wavu, anang'aa, anapigapiga mkia, mistari yake imelowa. Odília akampima: wa katikati kabisa. Kwetu mdogo anarudi majini, mkubwa anarudi majini, wa katikati tu ndiye anaenda mezani, tena mmoja kwa kila mtu. Akawekwa kwenye barafu.

"Sijafanya kitu kabisa!" Bi Wanda akashangaa.

"Ndiyo uvuvi wenyewe huo," Babu akamwambia, na alimaanisha.

Dakika hiyo hiyo mshipi wake ukagutuka. Nikaona kila kitu kwa karibu. Kidole chake kwenye mshipi, kope zikasimama, na mwili mzima, mwili wa mzee wa miaka sabini na nne, ukarudi nyuma kama mlango uliopigwa na upepo. Pwaa! Boti ikayumba kweli. Bi Wanda akashika kofia yake.

Mshipi ukarudi umelegea. Mkunga yuko pale pale, ndoano iko pale pale, samaki kaenda kwao.

 Halafu Babu mwenyewe akasema, kwa sauti ndogo, "Belmiro, usivute."

Tukarudi juu ya mkondo, tukaachia tena. Bi Wanda akapata mwingine, mdogo, akarudishwa. Babu akapata mguso. Akavuta. Pwaa. Hakuna kitu.

"Babu," nikamwambia, "mimi nikiona mshipi unaenda nitakushika mkono."

"Ukinishika nitakutupa majini, Zélia, na nakupenda."

Mara ya tatu Bi Wanda hakuweza kuvumilia. Akamgusa bega kwa upole, kama alivyokuwa anawagusa watoto wa darasa la kwanza wakishuka kwenye basi lake. "Mzee wangu, kapteni kasema usivute. Mimi pia mwanzo niliogopa. Jiambie tu huna mikono."

Nilimtazama Odília. Odília alikuwa anatazama rada ambayo haikuwa na kitu, kang'ata midomo yote miwili.

"Asante, mama," Babu akasema.  "Nitajaribu."

Na samaki akaja. Na Babu akavuta.

 Aliketi juu ya sanduku la barafu, fimbo imelala magotini, akatazama maji ambayo hata hayaonekani. Niliijua ile sura. Ni sura ya jikoni. Ni ile ile anayoitazama nayo redio makapteni wakisema wanarudi nyumbani wamejaza.

Odília akaja akachuchumaa mbele yake. "Kapteni. Nikunasie mmoja, nikupe fimbo akiwa tayari? Hakuna atakayejua."

"Hiyo nilikuwa nawafanyia walevi," Babu akasema. "Turudi, binti. Wameniona vya kutosha."

"Nani kakuona? Ukungu wote huu."

"Mimi nimejiona."

Odília akasimama. Akatazama saa, akatazama maji. Maji yalikuwa yameanza kuchoka, mkondo unakaribia kusimama, na ukisimama Nguruwe Jike ananyamaza na samaki wanaacha kula. "Umelipiwa nusu siku," akasema, na sasa ilikuwa sauti ya kapteni, si ya msaidizi. "Kuna mteremko mmoja umebaki, kushuka na mkondo mara moja tena. Mteja hashuki kwenye boti yangu kabla ya mteremko wa mwisho. Nani alinifundisha hivyo sijui."

Babu akamkazia macho. Halafu akanyoosha mkono apewe mkunga mpya.

Ule mteremko wa mwisho, sijui niuelezeje. Jua lilikuwa limepanda huko juu mahali, halionekani, lakini ukungu wote ukageuka kutoka kijivu kuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa asali kidogo. Joto likaingia. Boti ikawa inakwenda bila sauti kabisa, huwezi kujua kama tunaenda sisi au inaenda dunia. Bi Wanda kaacha kuvua, anakula malasada, sukari imemkaa puani, hata kutafuna anatafuna polepole. Ile harufu ya tikiti ikaja ikaenda. Kengele ya boya sikuisikia tena, au niliisikia ndani ya kichwa. Nilidhani nasinzia mimi.

Kumbe ni Babu. Kidevu kimeshuka kifuani. Kofia imeshuka machoni. Mkono mmoja kwenye fimbo, kidole bado kwenye mshipi, na pumzi zake zinatoka taratibu, fyuu, fyuu. Usiku ule hakuwa amelala, Mama alimsikia akitembeatembea jikoni. Sasa kalala, mdomo wazi, kama mtoto ndani ya gari.

Halafu nikaona mshipi unatembea.

Si kwa kasi. Ulikuwa unateleza tu kutoka chini ya kidole chake, kuelekea kwenye weupe, kama uzi unaovutwa na mtu anayeshona upande wa pili. Nikafungua mdomo nimwamshe. Odília alikuwa keshafika, kidole midomoni, macho makubwa kama sahani. Bi Wanda kaganda na andazi lake. Watatu sisi hatupumui. Mshipi unaenda. Unaenda. Odília akainama taratibu sana, kwa ncha ya kidole akasukuma kilango cha gurudumu, kile kinachozuia mshipi, mpaka kikafunga, tik, basi, hakugusa kingine.

Mshipi ukanyooka. Fimbo ikaanza kuinama kichwa. Ikainama, ikainama, na gurudumu likapasua ukimya wote, zzzzzzz!

Babu akafungua macho na samaki tayari yuko.

Hakuvuta. Angevutaje? Alikuwa bado hajarudi duniani vizuri. Alisema kitu kwa Kireno, nikasikia jina la Bibi humo ndani, kisha mikono yake ikashika kazi yenyewe, juu inapandisha, chini inazungusha, juu, chini, kama mtu anayepiga kinanda alichojifunza utotoni.

"Yupo?" akauliza. "Huyu yupo kweli?"

"Yupo, Kapteni! Anakwenda kwenye mawe!"

"Washa injini, we binti! Mtoe kwenye mawe! Unangoja barua?"

"Naam Kapteni!"

Ghafla kelele zikarudi, zile kelele zake, nikawa nacheka na machozi yananitoka. Bi Wanda anapiga kelele, "Usifanye kitu, mzee! Usifanye kitu!" na Babu anajibu, "Sasa nafanya, mama, sasa inaruhusiwa!" Samaki alikwenda chini ya boti, akatoka upande wa pili, akakimbia mpaka mshipi ukaimba, akachoka, akakimbia tena.  Babu sikumsaidia. Nilitaka, lakini aliwahi kusema atanitupa majini.

Samaki alipokuja juu, maji yalifunguka na ubavu wake ukatokea, mrefu, mrefu, ukazidi kutokea. Odília hakuhitaji hata kupima.

"Mkubwa mno," akasema. "Pole, Kapteni. Huyu anarudi."

"Najua anarudi. Mimi si mgeni hapa."

Akapiga magoti penye ukingo, akalowesha mkono, akamshika samaki mdomo wa chini kwa kidole gumba. Ile ndoano ilikuwa imeshika pembeni kabisa, pale inapotakiwa, nzuri kama hereni. Akaitoa. Kisha akamwacha samaki alale majini mkononi mwake, anamsogeza mbele na nyuma ili maji yapite kwenye matamvua. Akainamisha uso karibu kabisa, pua ilikuwa inakaribia kugusa maji, na nikajua anatafuta kuona mistari. Umbali ule macho yake yanaweza.

"Saba," akanong'ona. "Huu mmoja umekatika katikati. Zélia, njoo uone, umekatika halafu ukaendelea chini kidogo."

Nikaona. Nikatoa simu, halafu nikairudisha mfukoni, sijui kwa nini.

Samaki akamng'ata kidole gumba, si kwa ubaya, kama kumwambia haya sasa. Babu akafungua mkono. Mkia ukapiga mara moja, ukamlowesha uso wote, na pale alipokuwa pakabaki maji yanajikunja.

Tukaanza kurudi. Babu alikaa nyuma, mahali pa wateja, maji ya bahari yanamkaukia usoni, hakuyafuta.

"Nilikuwa naota niko jikoni," akaniambia baada ya muda mrefu. "Bahari ikaingia chini ya mlango. Nikasema, acha, usiinuke, acha ije."

Ukungu ulikuwa unainuka tulipoingia mtoni, vipande vipande, nyumba moja, mti mmoja, halafu gati zima na Mama kasimama pale, mikono kaifunga kifuani kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Lakini Bi Wanda alimtangulia kila mtu. Hata kamba haijafungwa, yeye anatangaza bandari nzima kwamba huyu mzee kavua samaki wa urefu huu, tena usingizini, anakoroma!

Nikafumba macho. Nikasema basi, imekwisha, aibu ndiyo hiyo.

"Usingizini?" Tibério akapayuka kutoka kwenye kibanda. "Nyundo! Kumbe ukiwa macho ndio hufai!"

Bandari yote ikacheka. Babu akasimama pale kwenye boti, anatazama upande sauti zinakotoka. Na akacheka. Si kwa pua. Alicheka mpaka akashika mgongo.

"Misimu yote hiyo," akasema, "nawapigia watu kelele wasifanye kitu. Kumbe ni kazi ngumu vile! Mpaka ulale kabisa!"

Pale gatini kulikuwa na kundi la mchana linasubiri, baba mmoja na vijana wake wakubwa wawili, majaketi mapya, macho ya woga. Yule baba akamwona Babu anashuka, kalowa, kofia imepinda, mikono ina mikwaruzo, akamsogelea kwa heshima.

"Samahani, wewe ndiye kapteni?"

Mama akanishika mkono. Alinibana kweli.

"Hapana, bwana," Babu akasema. "Kapteni ni yule dada pale. Mimi ni mteja." Akaramba chumvi midomoni, kama anaonja hilo neno. Kisha akageuka, akapaza sauti. "Na wewe Odília! Kahawa yako ni maji matupu, na lile benchi la nyuma linaumiza matako. Jumamosi nikija nataka mto."

"Jumamosi nimejaza, Kapteni!"

"Basi punguza mtu," Babu akasema, na akaanza kupanda gati mbele yetu, anaulizia kama kuna malasada iliyobaki.